Kabati kwanza, mashine baadaye

Zamani mtu wa Geita akileta kazi Mwanza alipanga siku nzima, maana foleni ya kivuko pale Kigongo haikuwa na mwenyewe. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anavuka zile kilomita 3 kwa dakika chache, anasimama mlangoni mwa karakana yako na anataka kurudi na shafti yake leo hii. Mteja wa namna hiyo ndiye aliyenifumbua macho.

Alileta shafti ya karasha, mashine ya kuvunja mawe, iliyolika pale inapokaa beringi. Kazi ya kawaida: unajaza chuma kwa kuchomelea, unakereza, unapima. Nilitafuta maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, kwa dakika arobaini. Nikaikuta ndani ya ndoo, chini ya mnyororo wa pikipiki, kutu imeshaanza kushika pale inapopimia. Nikapima kwa vernia tu, kipimo cha kutelezesha kisicho makini kama hiyo. Shafti ikatoka nyembamba, beringi ikaingia kwa mkono badala ya kubana. Nikajaza chuma upya na kukereza mara ya pili kwa gharama yangu. Yule bwana aliondoka saa mbili usiku.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitazama mafundi wa nje kwenye simu. Adam Booth wa Marekani, aliyerithi ukerezaji kwa baba na babu yake. Kurtis wa Gold Coast, Australia, anayefufua silinda za haidroliki za mitambo mizito. Sisi tukiwatazama macho yetu hukimbilia ukubwa wa mashine zao, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Baada ya ile shafti niliwatazama upya, safari hii nikiangalia kilichoko nyuma yao. Mkono unanyooshwa, unarudi na kifaa kinachotakiwa, na jicho halijatoka kwenye kazi. Kiingereza chao kingine kinanipita, lakini mikono haihitaji mkalimani.

Hapa Mwanza, Nyakato na Igogo, fundi akipata fedha anaongeza mashine. Mimi nasema ajenge kabati la vifaa kwanza. Maikromita inasoma sehemu moja ya mia ya milimita, kipimo chembamba kuliko unywele. Huwezi kulaza kifaa hicho kwenye ndoo ya minyororo usiku, halafu asubuhi ukakiamini.

Na kabati liwe la chuma. Rafu yangu ya zamani ilikuwa mbao na misumari, ikapinda katikati kama machela. Taya ya kerezo, ile nzima inayoshika chuma kinachokerezwa, peke yake ni kama kilo 15. Nilinunua anglaini, vile vyuma vya pembe, za milimita 40 kwa 40, unene milimita 4, na shiti moja ya futi 8 kwa 4 ya milimita 1.5, yenye uzito wa kilo 35. Fremu ya mbele ni sentimita 90 kwa 100. Nilishika kona zote nne kwa nukta ndogo tu za kuchomelea, nikapima kona kwa kona: upande mmoja 135, mwingine 134. Nikagonga taratibu mpaka pande zote mbili zikasoma 134 na nusu, ndipo nikachomelea, kona hii kisha ile ya mkabala wake, kwa sababu joto huvuta chuma. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, fremu itapinda na droo hazitaingia kamwe.

Reli za droo zinazouzwa kwa ajili ya kabati za nyumbani hazibebi mzigo huu. Nilikwenda kwa jirani yangu fundi pikipiki nikaokota beringi namba 6202 alizotupa. Tundu lake ni milimita 15, kwa hiyo nilikereza pini za kipimo hicho. Beringi iliyochoka kwenye gurudumu bado ina maisha marefu ndani ya kabati. Inatembea juu ya ubavu wa anglaini, na droo iliyojaa vyuma unaivuta kwa vidole viwili. Ila droo nzito ikifunguka inaweza kuangusha kabati lote juu ya mtu. Karakana yangu imekaa juu ya jiwe, kama nusu ya Mwanza, basi nililifunga kwa boliti kwenye mwamba wenyewe.

Ndani, kila tupa ina mfereji wake, maana tupa zikisuguana zinauana meno. Keekee zimesimama kwenye gogo lenye matundu 25, kuanzia milimita 1 mpaka 13 kwa kupanda nusu nusu. Maikromita inalala kinywa wazi kidogo, chuma kikitanuka kwa joto kisijibane. Wakati wa masika unyevu wa ziwa unaingia kila mahali, hivyo kila kitu kinafutwa kwa oili safi. Oili chafu ya injini ina asidi, hiyo usiiguse.

Halafu nikachora kwa rangi nyekundu umbo la kila kifaa mahali pake. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Fundi aliyenilea alifunga sanduku kwa kufuli hata akienda kunywa chai, na ujuzi wake aliufunga vivyo hivyo. Nilikaa naye miaka mitatu kabla sijashika maikromita. Wale wa Marekani na Australia wanamwonyesha mtu wasiyemjua hata kazi waliyoiharibu. Kwa nini mimi nimfiche saidia fundi ninayekula naye ugali mezani pamoja? Wiki ya pili tu, kabla hatujafunga, kijana aliniambia, “Fundi, tupa ya nusu duara haijarudi.” Sikuwa nimemfundisha kuhesabu vifaa.

Vipande vya anglaini vilivyobaki nimempa. Ameanza kujenga sanduku lake mwenyewe, na jana alinifuata na futi mkononi: “Fundi, kona hii inasoma 61, ile 60 na nusu. Nigonge wapi?”