Mgonjwa wa Urambo

Shemeji yangu akisoma kitu kwenye simu, jua hela yako imeshaondoka. Safari ile alisoma jinsi Wazungu wanavyopika bia majumbani kwao, jikoni kabisa, kwa ndoo na sufuria, tena bila kujificha. Akaja kwangu Isevya jioni na orodha ameinakili kwenye karatasi ya daftari: sufuria ya lita 30, ndoo ya kuchachushia yenye mfuniko wa kukaza, kidude cha kupitishia hewa juu ya mfuniko, kipimajoto, haidromita, mpira wa kunyonyea, mashine ya kugongea vizibo, dawa ya kuua vijidudu. Chini kabisa: kimea cha shayiri na hopsi.

"Hopsi ndiyo nini?"

"Maua, shem. Ndiyo yanayoipa bia uchungu."

"Tabora tuna uchungu wa kutosha."

Hakucheka. Mtu mwenye orodha hachekagi. Shayiri inalimwa huko kaskazini, Karatu na Monduli. Hapa kwetu ukiiulizia sokoni unaangaliwa kama umepotea stesheni. Mke wangu, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kutoka jikoni kwamba watu wa Tabora kuhangaikia shayiri ni ushamba, asali si hii hapa? Na kweli. Huku kwetu asali ndiyo heshima ya mkoa, na wanzuki, pombe ya asali, unapikwa tangu hao wasafiri wa Kizungu kina Stanley hawajafika Kwihara. Mama mkwe wangu, kule Sikonge, alisomesha watoto wake kwa wanzuki. Shemeji mwenyewe ni matokeo.

Lakini yeye hakutaka wanzuki wa kienyeji. Alitaka wenye vipimo.

Basi tukaanza kutafuta vifaa. Ndoo ilipatikana kwa fundi rangi, ile ya lita 20 yenye mfuniko ambao ukiufunga lazima uugonge kwa ngumi pande zote, na kuufungua uombe bisibisi. Tuliisugua kwa Jiki na maji ya moto mpaka macho yakatoka machozi, tukaisuuza, tukaisuuza tena. Hapo shemeji alikuwa sahihi, namsifu: pombe inaharibika kwa uchafu kuliko kwa kitu kingine chochote. Bakteria wakiwahi kabla ya hamira, unapata siki.

Haidromita ndiyo ilitutoa jasho. Ni kile kijiti chembamba cha kioo kinachoelea: kwenye maji matupu kinasoma 1.000, ukitia sukari kinapanda, na sukari ikigeuka kilevi kinazama, ndipo unajua pombe imefika wapi. Kijiti hicho hatukukipata. Tulichopata ni laktomita, ndugu yake wa kupimia maziwa, aliyoazima shemeji kwa rafiki yake mkusanya maziwa. Tukakiweka kwenye maji yetu ya asali, lita 3 za asali kwa 15 za maji. Kikaruka juu, shingo yote nje, kikalala ubavu. Namba zake zinaishia 40, na sisi tulishapita mbali. Shemeji akakitazama kwa heshima, akasema kama haya yangekuwa maziwa, ng'ombe huyo angepelekwa Nanenane.

Vilivyobaki tukavifuata duka la dawa pale ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Muuzaji ni dada mmoja mpole, muimba kwaya. Shemeji akamtajia: mpira wa dripu mmoja, kipimajoto kimoja, spiriti, pamba. Yule dada akaviweka mezani kimoja kimoja, na kila alichoweka uso ulizidi kulegea.

"Poleni jamani. Mgonjwa yuko nyumbani?"

Nikafungua mdomo. Utamwambia nini muimba kwaya? Shemeji akaniwahi: "Yupo, dada. Ndugu yetu kutoka Urambo."

"Anasumbuliwa na nini?"

"Tumbo. Linajaa gesi. Wamesema isipotolewa ni hatari."

Yaani katika sentensi zote alizotamka mwaka ule, hiyo ndiyo ilikuwa na ukweli mwingi zaidi. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi na hewa ya kaboni, na hewa hiyo isipopata njia, chombo kinapasuka. Ndiyo maana kuna kile kidude cha kupitishia hewa: mpira unatoka kwenye mfuniko, ncha yake inazama kwenye chupa ya maji. Hewa ya ndani inatoka ikipiga mapovu, ya nje hairudi. Hauhusiani kabisa na ule mrija wa shaba wa gongo, maana gongo inataka moto na mvuke, na pia inataka mwanasheria.

Kipimajoto tulikitumia mara moja. Hamira haitiwi kwenye maji ya moto, inakufa, kwa hiyo tukasubiri yapoe, tukakichovya. Kikalia pii, kikaandika "Lo". Kumbe vipimajoto vya homa vinaanzia huko juu ya 30, chini ya hapo havijui kitu. Shemeji akanionyesha: "Unaona? Hata chenyewe kimeshangaa."

Sasa naomba uelewe jinsi chumba cha wageni kilivyokuwa, maana nimeshaelezea watu wengi na bado wananiangalia vibaya. Ilikuwa Oktoba, na Oktoba ya Tabora unaijua. Hamira ikipata joto kali inafanya kazi kwa fujo na pombe inatoka na ladha ya ovyo, kwa hiyo ndoo tukaifunika shuka lililoloweshwa maji, likikauka linaipoza. Pili, sisimizi. Mahali penye asali hakuna mlango unaowazuia. Dawa yake ni kitanda: miguu minne ndani ya makopo ya maji, ndoo juu ya godoro. Tatu, giza, mapazia tumeyafunga. Mpira wa dripu ukashuka kutoka kwenye shuka mpaka kwenye chupa ya maji chini. Kesho yake asubuhi hamira ikawa imechangamka, na ukipita koridoni unasikia: bulu... bulu... bulu.

Mchana mama wa genge akaja na chupa ya uji. Hakuuliza kitu, alisikiliza mlangoni, akashika kifua, akasema, "Anapumua kwa shida huyu." Akaacha uji, akaondoka na habari.

Kufikia saa kumi sebule yangu ilikuwa imejaa. Viatu mlangoni mpaka karibu na bomba. Balozi wetu yuko na daftari lake la michango amelikunja kwapani, wazee wawili wa mtaa, kina mama na ndizi, na yule dada wa duka la dawa. Mimi nazunguka na vikombe vya chai, najibu "anaendelea, anaendelea". Shemeji amekaa pembeni, uso wa kufiwa, anakula ndizi za mgonjwa.

Halafu akaingia mama mkwe. Alikuja mjini kwa shughuli zake, huko stendi akapewa pole na mtu asiyemjua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa tuna mgonjwa kutoka Urambo." Akamgeukia mwanawe taratibu. "Sisi Urambo tuna nani?"

Shemeji akapaliwa na ndizi. Mama mkwe hakuongeza neno. Akakaa kwenye mkeka, akavuta hewa kwa pua, mara moja, mara ya pili, ndefu. Nikajua huyu ameshajua. Akanyamaza tu, kama mtu anayesubiri basi ambalo analisikia linakuja.

Kumbe katika kina mama wale alikuwepo nesi mstaafu, miaka yake yote wodini. Nesi hastaafu, anabadilisha nguo tu. Wakati mimi niko jikoni, alijiinukia, akasukuma mlango wa chumba cha wageni, akachungulia gizani. Aliona nini? Mtu mfupi amejikunja chini ya shuka bichi, makopo ya maji, mpira wa dripu. Na ndani ya ule mpira, mapovu ya hewa yanapita mfululizo!

Kwa nesi, hewa kwenye dripu si kitu cha kuitia kikao. Mkono wake ulifanya kilichouleta duniani: ukashika kile kigurudumu cha plastiki kwenye mpira, ukakiviringisha mpaka mwisho. Krrp. Kimya. Akarudi sebuleni ametulia, akaniambia kwa sauti ya chini ya kitaalamu: "Kaka, nani kamwekea dripu yule? Hewa tupu! Nimeifunga. Na sasa hivi amelala, hata pumzi imetulia."

Mimi chai ilinimwagikia mkononi sikuisikia. Nikamwangalia shemeji, shemeji akaangalia dari. Ndoo ya lita 20, ndani lita 18, hamira ya mkate, joto la Oktoba, mfuniko umegongwa ngumi pande zote. Nikapiga hatua kwenda koridoni. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Keti, baba. Tumwombee dua kwanza mgonjwa wetu."

Nikaketi. Ungefanyaje? Dua haikatizwi.

Mzee aliomba vizuri sana, sina la kumlaumu. Aliomba kwa utaratibu, akaanza na wagonjwa wote duniani, akashuka Afrika, akaja Tanzania, akaingia mkoani. Mimi nahesabu lita za hewa. Huko ndani ukaanza mlio mdogo, wa plastiki inayonyooka, nyiii. Dada wa duka la dawa akafumbua jicho moja. Mzee akafika Isevya, akafika nyumba hii, akainua mikono: "...na kilichomjaa tumboni, ewe Mola, kimtoke!"

BUUU!

Mfuniko ulipiga dari, ukarudi, ukapiga kabati. Mlango wenyewe ulifunguka kwa ule upepo, likatoka povu na vipande vya masega, na shuka bichi likapaa kidogo kabla ya kutua koridoni, na hilo shuka ndilo lililomaliza kila kitu, maana kina mama waliona mgonjwa anakuja. Sebule ilibaki tupu kwa muda ambao hata paka hauwezi. Mtu alitoka na kiatu changu. Mama wa genge alipitia dirishani, na mpaka leo hatujaelewana alipitaje kwenye nondo zile.

Tuliobaki: mimi, shemeji chini ya meza, nesi amesimama anasema "jamani nilifunga, nilifunga mwenyewe", balozi aliyebanwa na goti lake bovu, na mama mkwe, ambaye hakusogea hata kidogo. Povu lilikuwa limemrukia begani. Akalichota kwa kidole, akaonja. Akafikiri.

"Asali ya Kaliua?"

"Ndiyo mama," sauti ya chini ya meza.

"Nzuri. Hamira mmezidisha." Akainuka, akaenda kuangalia ndoo, akarudi. "Mimi nimepika miaka yote hii kwenye mtungi, mdomoni nafunga kitambaa. Hewa inatoka inapotaka, vumbi haliingii. Hamuoni hata haya, ndoo ya rangi na mipira ya hospitali!" Kisha akamsogelea nesi, akamshika bega: "Wewe hujakosa kitu, mwenzangu. Umemtibu kama ulivyoletewa."

Balozi alikuwa bado ameshika daftari, linavuja. Alifungua ukurasa, akapangusa povu kwa kiganja, akatoa kalamu. Mchango wa mgonjwa wa Urambo ulishafika shilingi 18,500, na yeye ni mtu wa utaratibu, hawezi kufunga hesabu hewani.

"Sasa jamani, hapa niandikeje? Ameruhusiwa au amefariki?"

Mama mkwe alishaingia jikoni kutafuta kata. "Andika amefanyiwa upasuaji," akajibu kutoka huko. "Na wewe balozi vua kofia uketi, kimebaki kama nusu ndoo."