Gazeti la Choo Mbili

Gazeti letu pale Mombasa lilikuwa la nyumbani hasa. Baba ndiye mhariri, Ami ndiye mwandishi wa kila alichokikwepa baba, mama na mashangazi wanakunja kurasa, na sisi watoto tunachambua herufi za risasi za kuchapia na kuzirudisha kila moja kwenye kijumba chake. Herufi zenyewe zilitoka Uingereza, zimepimwa kwa mdomo wa Kiingereza: e tele, t tele, k kiduchu. Sasa Kiswahili bila k utakisemaje?

Tulikuwa tukibana. Habari ikizidi k, baba anaikata. Mwaka mmoja Ami akaamua kuandika historia ya gazeti, na Ami hakatwi. Alianzia kwa A. M. Jeevanjee, aliyeanzisha gazeti la African Standard papo hapo Mombasa mwaka 1902, akaliuza miaka michache baadaye, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. "Sisi hatukuuza wala hatukuhama," akaandika kwa majivuno. (Hakuna aliyewahi kutuuliza bei, lakini hilo halikuingia.)

Ukurasa wa pili, k zikaisha. Ami akachukua q. Nazo hazikufika mstari wa tatu, maana hata Waingereza wenyewe huzigusa kwa nadra. Akaziona c zimejaa, hazina kazi.

"Msomaji ataelewa," akasema, na mtambo ukazunguka.

Barazani, mjomba wake baba akavaa miwani awasomee wenzake kwa sauti. Yeye c aliiona ni ch iliyopotelewa na mwenziwe, basi akaisoma hivyo hivyo.

"Gazeti hili liliasisiwa na choo mbili chubwa za Mombasa..."

Mmoja akapaliwa na kahawa. Mzee hakusita.

"...na mhariri wa chwanza alichaguliwa chwa chura nyingi."

Vicheko vilifika hadi dukani kwetu. Mjomba naye alicheka, mpaka akakumbuka kwamba koo moja kati ya hizo mbili ni yake. Akaja na bakora.

"Nani katuita choo?"

Baba akaahidi masahihisho wiki ijayo, mistari mitatu, yatoshe. Ami akakataa katakata: kuomba radhi kuna adabu yake, lazima watajwe mababu wa pande zote mbili, kwa majina kamili.

Aya ya pili tu, k zikaisha.