STI na HLT zisitenganishwe

Wanaoandika keneli yao ya kwanza, yaani kiini cha mfumo endeshi, huonywa sana kuhusu jedwali la makatizo, linaloiambia prosesa ikimbilie msimbo gani kifaa kinapoikatiza kazi: ukiruhusu makatizo kabla ya kulipakia, kompyuta kwa kawaida hujiwasha upya palepale. Kosa hilo mimi silihofii, maana linajitangaza lenyewe. Ninalolihofia ni lile linaloiacha mashine ikiendelea na kazi, ila kwa kuchelewa kidogo.

Chukua keneli ya x86, yaani ya prosesa za aina ya Intel na AMD, isiyo na la kufanya. Inazima makatizo na kutazama foleni ya kazi. Ikiikuta tupu, inayaruhusu tena kwa amri ya STI, halafu inalala kwa HLT mpaka katizo liiamshe. Sasa pakiti iingie kwenye kadi ya mtandao katikati ya amri hizo mbili. Katizo litahudumiwa vizuri tu na kazi itawekwa kwenye foleni, kisha prosesa itarudi pale ilipoachia na kulala. Ni mlinzi aliyekwisha kuamua kulala kabla hajasikia hodi: anafungua mlango, anapokea mzigo, anaurudia usingizi na mzigo mkononi.

Intel waliliziba pengo hilo kwa namna yao. Baada ya STI kuyaruhusu makatizo, prosesa haipokei katizo mpaka amri inayofuata ipite. HLT ikifuata papo hapo, katizo litaikuta prosesa imelala na kuiamsha, hivyo mwanya haupo. Ndiyo maana Linux huziandika zote mbili katika kipande kimoja cha asembli, lugha ya amri za prosesa zenyewe. Wanaojifunza huandika fanksheni mbili za lugha ya C, moja ya STI na moja ya HLT, wakaziita kwa kufuatana. Kompaila isipoziyeyusha ndani ya msimbo unaoziita, amri ya kurudi inakaa katikati, na kinga inaishia hapo.

Mbona hawalioni? Saa ya mfumo inawafichia. Ikipiga mara 100 kwa sekunde, pakiti iliyosahaulika itasubiri milisekunde 10 hivi kwa wingi wake, kisha katizo la saa litaiamsha prosesa nayo itaitazama foleni upya. Linux 2.6.21 ya mwaka 2007 ilipoleta uwezo wa kusimamisha mpigo huo mashine inapokosa kazi, bahati hiyo haikuwa ya kutegemea tena. Na anayejaribu kutibu kwa kuongeza kitanzi cha kusubirisha, au kwa kuchapisha ujumbe hapa na pale, anausogeza tu wakati wa tukio. Dalili inapotea, kosa lipo.

Kwa maoni yangu ARM, wabunifu wa prosesa za simu nyingi, walifanya vizuri zaidi. Amri yao ya kulala, WFI, huamka katizo likisubiri hata kama prosesa imeyafunga makatizo, kwa hiyo unatazama foleni, unalala, kisha ndipo unayaruhusu. Usalama hautegemei ujirani wa amri mbili. Kwenye x86, MWAIT, amri nyingine ya kulala, nayo ina chaguo la namna hiyo, lakini keneli nyingi za kujifunzia bado zinalala kwa HLT. Kwa hiyo ukiniletea msimbo wenye chochote kati ya STI na HLT, hata NOP moja, amri isiyofanya lolote, nitakurudishia.