STI inayotembezwa taratibu: injini inaumia kweli?

Mtu akinunua Subaru Impreza WRX STI iliyotumika Japani, ushauri wa aina mbili humfikia mapema. Ndugu na majirani humwambia aitembeze taratibu, maana turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ni ghali. Fundi, tena mara nyingi fundi mzuri, humwambia kinyume: hii imeundwa kukimbia, ukiitembeza kila siku kwa mizunguko 2,000 kwa dakika itajaa masizi na injini itakufa mapema, kwa hiyo ipige resi. Kauli hiyo ya fundi imeenea mno, hadi wapo wanaoona aibu kuendesha kwa upole gari walilolinunua kwa pesa zao. Ukweli umo ndani yake, ila unamwangukia mshukiwa asiye sahihi.

Tuanze na utetezi wa mwendo wa taratibu, kwa kuwa hesabu zake ziko wazi. Kila pistoni ikifika juu husimama na kugeuka, na kani inayoivuta konrodi, yaani mkono unaoishikilia pistoni, wakati huo hukua kwa mraba wa mizunguko. Ukitoka 3,000 hadi 6,000 kani hiyo inakuwa mara nne. Honda S2000 ya kwanza, ya mwaka 1999, iliruhusiwa kufika mizunguko 9,000, na hapo pistoni zake husafiri kwa wastani wa mita 25 kwa sekunde. Kwenye 3,000 ni mita 8 na kidogo. Sioni ni ringi gani au ukuta gani wa silinda utakaoharibika kwa kupata nafuu ya namna hiyo.

Watengenezaji nao hawauogopi mwendo huo. Chevrolet Corvette ya gia sita za mkono, kuanzia modeli ya 1989, iliwekewa kifaa ambacho dereva akikanyaga mafuta kidogo tu humzuia kuingiza gia ya pili, akalazimika kutoka ya kwanza moja kwa moja hadi ya nne. Lengo lilikuwa kubana petroli. Corvette ya kizazi cha tano, iliyotoka 1997, ikiwa gia ya sita kwenye kilomita 110 kwa saa huzunguka takriban 1,500 tu. Kampuni isingemlazimisha mteja afanye jambo linaloua injini ambayo yenyewe imeidhamini.

Mtu atajibu kwamba injini ya lita 5.7 ina nguvu huku chini, na STI ya lita 2 haina. Jibu hilo ni la haki, na linatufikisha kwenye kiini cha suala zima, nacho ni mzigo.

Chukua EJ207, injini ya STI za Japani. Msukumo wake mkubwa huja karibu na mizunguko 4,000, turbo ikiwa imeamka. Sasa panda nayo kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende, au mlima Kitonga kule Iringa, ukiwa gia ya tano, mshale unasoma 1,600, abiria wanne ndani, na kanyagio umelibana sakafuni kwa sababu gari halitaki kwenda. Dereva huyo atakuambia anaendesha kwa upole, kwani hapigi resi. Ukweli ni kwamba anaikaba injini. Krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haigusani na beringi zake kwa sababu hubebwa na utando wa oili, na utando huo hutengenezwa na mzunguko wenyewe: krenki ikizunguka polepole huku ikisukumwa kwa nguvu, utando unakonda. Pampu ya oili huendeshwa na krenki hiyo hiyo, hivyo presha nayo iko chini. Mchanganyiko wa hewa na petroli unakaa muda mrefu zaidi kwenye joto na shinikizo kabla ya kuungua, na hapo ndipo injini huanza kugonga, yaani mchanganyiko hulipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Japani petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani (kipimo cha uwezo wa petroli kuzuia mgongano huo) karibu 100, na injini hii ilipangwa kwa mafuta hayo. Supa ya kawaida ya Nairobi haifiki huko. Kompyuta ya injini hujaribu kuokoa hali kwa kuchelewesha cheche, lakini ina mpaka wake. Mgongano ukizidi, pistoni hukatika kwenye kingo zinazoshika ringi, ugonjwa ambao mafundi wa Subaru wanaufahamu vizuri, hasa kwenye ile EJ257 ya lita 2.5.

Lakini gari hilo hilo, kwa mizunguko 1,600 ile ile, kwenye tambarare ya barabara ya Mombasa, kanyagio likiguswa kidogo tu, halina tatizo lolote. Mshale unasoma namba moja na injini iko katika hali mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana nasema mizunguko michache inabebeshwa kosa la mguu.

Kwa injini mpya zaidi suala ni zito kuliko hapo. Forester XT za kuanzia 2013, pamoja na Levorg, zina turbo na hupuliziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Injini za aina hii, zikibebeshwa mzigo mkubwa kwenye mizunguko ya chini, zinaweza kuwaka kabla ya cheche: tone la oili lililochanganyika na petroli hushika moto lenyewe, na shinikizo linalofuata linaweza kuvunja pistoni kwa pigo moja. Sababu mojawapo ilionekana kuwa ni kalsiamu iliyo kwenye viungo vya usafi vya oili, ndipo API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, ikatoa daraja la SN Plus mwaka 2018 na SP mwaka 2020. Mwenye gari la namna hiyo asome alama ya API kwenye galoni kabla ya kulipa, kwa sababu madaraja ya zamani bado yapo madukani kwetu. Gari hizi nyingi pia zina gia za CVT, yaani za kujibadili zenyewe bila hatua, ambazo kwa tabia yake hupenda kushusha mizunguko ili kubana mafuta. Kwenye kilima, weka SI-Drive (swichi ya Subaru ya kuchagua hali ya uendeshaji) kwenye S, uiache injini ipande.

Na masizi je? Yapo. Plagi hujisafisha ikifika nyuzi joto 450 hadi 500 hivi, na plagi za gari la michezo huchaguliwa zile za kupoa haraka, hivyo kwenye foleni huweza kukaa chini ya hapo na kuchafuka. Ila kinachozidisha uchafu huo ni ubaridi kuliko upole. Anayetoka Kilimani hadi Upper Hill, hapo hapo Nairobi, na kuzima, kisha jioni anarudi na kuzima, injini yake haipati moto wa kutosha hata siku moja. Mshale wa maji unafika katikati mapema, oili inabaki nyuma. Petroli iliyoponyoka kwenye ringi na maji yaliyotokana na mwako hubaki ndani ya oili, yanaipunguza uzito na kuitia asidi. Dakika arobaini za mwendo tulivu njia ya Thika zitayatoa. Kuifikisha kwenye alama nyekundu injini ambayo oili yake bado ni ya baridi, kama wanavyofanya wengine wakitoka tu getini, ndiko kuumiza hasa. Na yale masizi ya valvu za kuingizia hewa katika injini za kupulizia ndani hayasafishwi kwa uhakika na resi yoyote, maana petroli haipiti hapo kuyaosha. Gereji zenye vifaa huyaondoa kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa.

Liko gari moja ambalo fundi wetu ana haki nalo, nalo ni Mazda RX-8. Injini yake ya rota, yenye rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni, hupelekewa oili makusudi ndani ya chumba cha mwako ili kulainisha sili za ncha za rota, na oili hiyo ikiungua huacha mabaki yanayoweza kuzikwamisha sili kwenye mifereji yake. Ikishapata moto, kuipandisha mizunguko mara kwa mara ni sehemu ya matunzo, na kuiwasha kwa baridi ili tu kuisogeza mita chache kisha kuizima kunaweza kuijaza petroli kupita kiasi ikakataa kuwaka. Nadhani mengi yanayosemwa kuhusu magari yote ya michezo yanaweza kuwa kweli kwa gari hili moja.

Kwa hiyo mwenye STI anayependa utulivu, namtetea bila kusita, mradi ashushe gia anapoona kanyagio limepita nusu na gari halijibu. Akiwa mtu wa safari fupi, ratiba ya kumwaga oili aihesabu kwa miezi, asisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kibandiko cha gereji, kwa kuwa gari lake litachukua mwaka mzima kuzifikia na oili itakuwa imechoka zamani.