Nahau ya Kiingereza haibishi hodi

Tulipokuwa shuleni, nahau za Kiingereza zilikuwa mapambo ya insha. Unazikariri, unachomeka moja kila aya, mwalimu anakupa vema. Mvua ikinyesha lazima iwe ya paka na mbwa. Mtu akifa, basi amepiga ndoo teke. Nimeishi Uingereza miaka ya kutosha, nchi ambayo mvua yake haichoki, na bado sijamsikia kijana yeyote akiwataja hao paka na mbwa. Wanasema tu "it's pouring", wanafunga zipu ya koti, wanaondoka.

Kwa maoni yangu, taabu ya nahau huku ughaibuni haitokani na wingi wake. Taabu ni kwamba hazibishi hodi. Kwetu mtu akitaka kukupiga fumbo anakuandaa kwanza. "Wahenga walisema," anaanza. Au anashusha sauti, anatamka nusu ya methali na kukuachia umalizie mwenyewe. "Haba na haba..." Hata kama hujui inaishia wapi, unajua umeambiwa jambo, na ni juu yako kulifumbua. Mwingereza hana habari kwamba amesema nahau. Ukimwuliza maana yake anashtuka, anafikiri kidogo, kisha anakufafanulia kwa nahau nyingine.

Kwenye ghala nilikobeba maboksi (ndiyo, yale maboksi mnayotutania nayo), msimamizi wa zamu ya usiku alikuwa na kawaida ya kupiga makofi mawili na kusema, "Right, let's call it a day." Hapo ni saa nane za usiku. Wenyeji wanavua glavu, wanachukua makoti. Usiku mmoja dada mmoja, mgeni kwenye zamu, akaendelea kubandika lebo. Akatazama saa ya ukutani, akatazama giza la dirishani, akabandika nyingine. Hakuna aliyemwambia kitu, wala si kwa ubaya. Hakuna aliyejua kwamba kuna kitu cha kumwambia. Maneno yenyewe aliyajua yote, ni ya madarasa ya chini kabisa. Alichokosa ni kujua kwamba yakikaa pamoja maana yake ni "tufunge kazi".

Ndiyo maana nasema nahau za wanyama na ndoo si tatizo. Ukisikia tembo ametajwa katikati ya kikao cha bajeti, unajua hapa pana jambo. Kazi iko kwenye vineno vidogo kama "get". Get over, get by, get away with, get on with: kusahau machungu, kumudu maisha, kukwepa adhabu, kuelewana na mtu. Ila tusiwaonee Waingereza. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikutana na "piga" atajuta: tunapiga simu, pasi, picha, kura, deki, chafya na magoti, wala hakuna anayeumia. Akitoka hapo aanze "kula": kiapo, hasara, rushwa, njama. Mzee aliyekula chumvi nyingi sisi tunamheshimu. Mgeni atamshauri akapime presha.

Tena kuna mahali tuna nafuu kuliko wageni wengine. "You all right?" ya Mwingereza, ambayo ni salamu tu, inawasumbua wengi, wanaanza kueleza mgongo unavyowauma. Mswahili hababaiki. Sisi mtu anaulizwa habari akiwa kitandani hospitalini, anajibu "nzuri", halafu ndipo taabu zifuate, kama zitafuata. Na aliyekulia kwenye Biblia ana akiba asiyoijua. "The writing on the wall", yaani dalili za mwisho mbaya, ni ile karamu ya Belshaza katika Danieli sura ya 5. "By the skin of my teeth", kunusurika chupuchupu, ni Ayubu 19:20. "Salt of the earth", mtu mwema asiye na makuu, ni Mathayo 5:13. Wenyeji wengi wanazitumia bila kujua zimetoka wapi. Zile zilizotoka kwenye kriketi, hapo sina msaada. Mchezo unaoweza kuchezwa siku tano ukaisha bila mshindi una lugha yake.

Kwa hiyo wanaokuja siwashauri wabebe orodha. Elewa kwanza, kutumia hakuna haraka. Sijaona mtu aliyenyimwa kazi kwa kusema sentensi iliyonyooka, ila nimewaona wengi wanaosema nahau za mwaka arobaini na saba mpaka wenyeji wanatazamana. Na usipoelewa, uliza palepale, usitabasamu tu.

Wenyewe kwa wenyewe pia wanapotezana. Winston Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka waliotaka ujadiliwe haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani wanataka "to table it". Kwa Mmarekani, hiyo ni kuuweka waraka kando usahaulike. Wakabishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote wanataka jambo lilelile. Watu waliozaliwa na Kiingereza hao, na hapakuwa na mgeni hata mmoja mezani wa kuuliza, "Samahani, tunaujadili leo au tunauahirisha?"