Ukifika Irente, piga magoti

Mkono wangu ulikuwa umezama hadi kiwikoni chini ya jiwe, pale kwenye ukingo wa Irente, napapasa. Nilitegemea kugusa kikopo kidogo chenye daftari ndani. Nilichokitoa ni pampasi iliyotumika, imekunjwa vizuri, imefungwa kwa gundi zake zenyewe, kisha ikasukumwa ndani kabisa mpaka isionekane. Aliyeiacha alijua ni aibu. Asingejua, asingehangaika kuificha.

Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na simu. "Shangazi, ni hapa hapa. Inasema mita nne."

Mchezo huo unaitwa jiokashi. Mtu anaficha kisanduku mahali, anaweka mtandaoni latitudo na longitudo yake, wengine wanakifuata kwa GPS, ule mfumo wa setilaiti wa Marekani unaoonyesha ulipo. Ukikipata unaandika jina na tarehe kwenye daftari lililomo, unakirudisha ulipokitoa. Ulianza Marekani Mei 2000, mara tu serikali yao ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha mtu wa kawaida kiliweza kumpotosha hata mita mia. Ghafla zikabaki mita chache. Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo msituni huko Oregon, akatangaza ilipo, na watu wakaifuata. Na tangu 2002 wachezaji wana desturi yao nyingine: ukienda kutafuta, rudi na taka. Mpwa wangu ameyajua yote haya kwa wageni anaowatembeza milimani, na siku ile alikuja na viroba viwili vitupu vya unga begani. Mimi nilidhani anatania.

Kwa asiyepajua Irente: ukitoka Lushoto mjini kwa miguu ni kama saa moja na nusu, njia inapita kwenye mashamba na migomba, halafu mlima unakatika. Unakatika kweli. Karibu mita 1,000 chini ya miguu yako ndiyo nyika imeanza, na Mazinde, na mkonge uliopangwa mistari, na barabara kuu ambayo mabasi ya Arusha yanatambaa juu yake kama viberiti. Nimezaliwa Soni, mara ya kwanza nililetwa pale na walimu nikiwa darasa la tano, na mpaka leo nikifika nanyamaza kwanza.

Lakini tangu darasa la tano nilikuwa sijawahi kuinama pale. Hakuna anayeinama. Unafika, unatazama mbele, unapigwa picha umenyoosha mikono, unaondoka. Pale watu wanapokanyaga pako safi kiasi. Uchafu umeshushwa hatua tatu, umesogezwa nyuma ya mawe, umesokomezwa kwenye nyufa, mahali ambapo kamera haifiki. Anayetafuta kikopo kilichofichwa, yeye analazimika kuweka jicho na mkono hasa huko. Hiyo ndiyo sababu nimeupenda mchezo huu, na ndiyo sababu naandika.

Kila kilichong'aa tulidhani ndicho. Chupa ya maji. Chupa nyingine ya maji. Mfuniko. Sahani ya plastiki na mifupa ya kuku. Nilivuta kipande cha mfuko mwembamba mweusi, ile mifuko iliyopigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Chini yake kulikuwa na kipakiti cha pombe, vile vipakiti navyo vilivyoitwa viroba, ambavyo vimekatazwa tangu 2017. Nilikiweka kiganjani nikakitazama. Maandishi yalikuwa yamefifia, lakini plastiki yenyewe ilikuwa nzima, hata pembe aliyoing'ata mnywaji bado ilikuwa na alama ya meno. Serikali imeshakiondoa dukani, mnywaji huenda ameshaacha pombe, kipakiti kipo.

Na tusisingizie wageni. Mzungu anayekuja na daftari la kuandika ndege anaowaona mitini hakuacha sahani ya pilau pale. Ni sisi: safari za shule, sherehe za kikazi, ndugu waliokuja msibani wakaamua kupita kuona mandhari. Nami nimekuwemo kwenye makundi hayo, na siwezi kuapa kwamba chupa zangu zote nilishuka nazo.

Kuna wanaosema waokota chupa wataondoa. Tulijaza kiroba kimoja kwa chupa peke yake, sitini na tatu, tukazipeleka mjini kwa mnunuzi. Mzani ulikataa kufika kilo. Nani atapanda mlima saa moja na nusu kufuata kitu kisichofika kilo? Ndiyo maana wanaookota chupa utawakuta stendi na sokoni, Irente huwaoni. Chupa iliyopanda imejaa maji, tena nzito, inashindwaje kushuka tupu ndani ya begi lile lile?

Jambo moja nitawaambia wachezaji wenyewe, na mpwa wangu hakulifurahia. Kikopo ni plastiki. Mwenyewe akihama mkoa au akichoka na mchezo, daftari likalowa, kifuniko kikapasuka, basi hicho nacho ni taka, tena taka iliyofichwa kwa ustadi kuliko ile pampasi. Halafu ukingo kama ule si mahali pa kumwambia mtoto atafute kitu chini ya mawe. Mchezo huu una aina yake nyingine, ipo tangu 2004, isiyo na kisanduku kabisa: unafika, unatazama mwamba, unajibu maswali kuhusu ulivyotokea. Irente imeumbwa kwa ajili hiyo. Usambara, milima hii yenye Irente, ni sehemu ya safu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, miamba yake ilipikwa chini ya ardhi mamilioni ya miaka kabla hata ya wanyama kutembea nchi kavu, na mistari yake myeupe na myeusi inaonekana pale pale ulipokaa. Muulize mtu mistari hiyo imetoka wapi. Atainama bila kuachiwa kikopo.

Chetu hatukukipata. Jua lilikuwa linashukia Upare, upepo wa nyikani unapanda na kurudisha juu karatasi zilizotupwa bondeni, nikasema basi. Mpwa wangu aliandika kwenye simu kwamba tumekikosa. Kisha akakifunga kiroba cha pili, kile cha pampasi na sahani ambacho hakuna wa kukinunua, akakiweka kichwani, tukakipeleka mpaka kwenye ghuba la taka mjini. Njiani mama mmoja aliyekuwa anauza plamsi alituuliza tumevuna nini huko juu. Mpwa alimshushia kiroba, akamfungulia aone.