Asiye na virusi hana faili

Rafiki yangu mvuvi wa dagaa anaishi na VVU mwaka wa kumi sasa. Ana kadi, ana namba, ana tarehe ya kurudi kliniki. Akichelewa, nesi anampigia: "Shemeji, uko kisiwa gani?" Mdogo wake wanavua naye mtumbwi mmoja na kulala dago moja, kambi ya wavuvi. Yeye hana virusi, na hajawahi kupigiwa simu na mtu.

Hilo ndilo linalonikera. Sisemi dawa zimezidi. Kabla ARV, dawa za kufubaza VVU, hazijaanza kutolewa bure, 2004, wengi walirudishwa kwao kijijini wakafie huko. Tena kidonge chenyewe ni kinga: virusi vikishafubaa, huambukizi mwenzako.

Kwa hiyo nikisikia watu wa semina wakiulizana "kinga au tiba?" nacheka. Mwanza tulishalijibu. Kati ya 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huu, zahanati ziliwezeshwa kutibu kisonono, kaswende na ndugu zao, magonjwa ya zinaa yanayoifungulia VVU mlango. Maambukizi mapya ya VVU yakawa pungufu kwa takribani asilimia 40 kuliko kwenye vijiji vya kulinganisha, visivyopata huduma hiyo wakati huo. (Rakai, Uganda, walipojaribu kugawa dawa za magonjwa hayo kwa watu wote kwa mkupuo hawakupata matokeo hayo, na wataalamu wamebishana sana.) Hakuna aliyegawa ARV. Zilikuwepo dawa za kawaida, kwenye zahanati, siku mtu anapoumwa.

Sasa tazama visiwani, Ziwa Victoria. Siku za giza mvuvi yuko ziwani usiku kucha, mchana kalala. Mbalamwezi ikiingia, taa za kuvutia dagaa zinazimwa, hela iko mfukoni, vibanda vya bia vinajaa. Hizo ndizo siku zetu za hatari, na kalenda yake iko angani kila mtu anaiona. Lakini kondomu na vipimo vya kujipima vinakuja na boti ya kampeni, Desemba mosi, Siku ya UKIMWI, na spika kubwa.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, ARV ziliruhusiwa kuendelea. Dawa kinga (PrEP), anayomeza asiye na virusi ili asiambukizwe, kwa fedha hizo, ikabaki ya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mvuvi kijana hakuwamo.

Juzi sokoni Mwaloni nilimuuliza yule mdogo mtu kama amewahi kuisikia hiyo dawa kinga.

"Si ya wenye navyo hiyo, kaka?"

Na kupima je, mara ya mwisho lini?

"Siku ile bro alipokutwa navyo."